Kompyuta Iwakayo Ipendapo

Chombo kilichokufa kabisa hakimsumbui mtu sana: hukipeleka kwa fundi, fundi akakipima, akakuonyesha palipoharibika, ukalipa, ukenda zako. Kisumbuacho ni kile ambacho leo chafanya kazi, kesho hakifanyi, na kesho kutwa chafanya tena kana kwamba hapakuwa na jambo. Kompyuta ya mezani ikipatwa na maradhi ya namna hii huweza kuwamalizia watu wa nyumbani fedha na subira, nayo bado haijapona. Nayaandika haya kwa kuwa yametupata sisi wenyewe mjini Tanga, katika nyumba ya dada yangu.

Dada yangu hupiga chapa kwa ujira: barua za kuomba kazi, kadi za arusi, fomu za wanafunzi. Kompyuta ndiyo jembe lake. Tena ndani ya kompyuta hiyo hiyo mlikuwamo hesabu ya mirathi ya marehemu baba yetu: nani amekwisha pokea fungu lake, nani bado, na deni lipi limekwisha lipwa. Nakala yake ya pili haikuwapo popote. Basi katika kipupwe cha mwaka 2023 mashine ikaanza kugoma asubuhi. Ukibonyeza kitufe, feni huzunguka kidogo ikasita. Au huzunguka vizuri lakini kioo kikabaki cheusi. Ukibonyeza mara ya tano au ya sita huwaka, na ikisha kuwaka hufanya kazi mchana kutwa bila kosa.

Fundi wa kwanza alikuja saa 9 alasiri. Alibonyeza mara moja tu, ikawaka. Akacheka, akasema, "Dada, hii nzima kuliko yangu." Wa pili naye aliikuta ikiwaka, walakini yeye hakupenda kuondoka mikono mitupu, akasema kwamba ule ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, umechoka, na sharti ununuliwe mwingine kwa shilingi 250,000. Simlaumu kwa kutoiona ila. Namlaumu kwa kuitaja ila asiyoiona.

Nilipoitwa mimi, jambo la kwanza halikuwa kutafuta kasoro bali kunusuru yaliyomo. Mwanzoni mtu hawezi kujua kama ugonjwa umo katika umeme au katika hadi diski inayohifadhi kazi zake, na kama ni hadi diski, huenda siku inayowaka ikawa ndiyo ya mwisho. Ndugu zetu wa Pemba walikuwa njiani kuja kwa hesabu ya mwisho ya mirathi. Kwa hiyo siku ile ilipowaka, nilimwambia dada asiizime mpaka hesabu hiyo imekwisha nakiliwa katika flashi mbili na kuchapwa katika karatasi. Ilichukua muda wa robo saa.

Baada ya hapo yataka kutazama mashine inakwama wapi. Ikiwa hakuna taa wala feni, shuku soketi ya ukutani, ekstensheni iliyolegea, kitufe chenyewe, au kile kisanduku cha chuma chenye kuleta umeme, yaani pawa saplai. Ikiwa feni zazunguka na kioo ni cheusi, mashine imepata umeme lakini haikuanza kazi: huenda ni ramu isiyoshika vizuri, au pawa saplai isiyotoa umeme sawasawa, au ubao. Ikiwa maandishi yatokea kisha yakasimama, aghlabu tazama hadi diski. Saa na tarehe zikirudi nyuma kila ukizima, ile betri ndogo ya mviringo ya volti 3, iandikwayo CR2032, imekwisha. Bei yake ni ndogo.

Tulianza na ramu, maana pwani yetu ina hewa ya chumvi na unyevu, na vile vijino vyake vya shaba huchafuka. Tuling'oa waya wa ukutani, tukashika chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini uondoke, tukaitoa ramu, tukaifuta kwa kifutio cha penseli, tukairudisha mpaka ikalia "ta!" Kesho yake asubuhi ikawaka mara moja. Na siku ya pili. Na ya tatu. Dada alikwisha pika biriani ya shukrani. Siku ya nne ikagoma.

Hapa ndipo penye mtego. Maradhi yajayo na kuondoka humpa sifa kila mganga, kwa sababu lolote alifanyalo, huenda mgonjwa angeamka mzima siku ile hata bila yeye. Nadhani kompyuta nyingi zimekwisha badilishwa vipande vizima kwa njia hii.

Aliyetutoa mtegoni ni mpwa wangu, kijana wa miaka 15. Nilimpa daftari, nikamwambia aandike kila asubuhi: saa, idadi ya mabonyezo, na usiku ule mashine ililalaje. Baada ya siku 14 aliniletea akasema, "Mjomba, tazama hizi siku tatu za biriani." Kumbe usiku wa siku zile yeye alikuwa akifanya kazi za shule mpaka usiku mwingi, akaizima kompyuta lakini akaiacha swichi ya ukutani. Katika masiku 14, swichi ya ukutani ilizimwa mara 10, na asubuhi zake mashine iligoma mara 8. Masiku 4 yaliyobaki swichi iliachwa, na haikugoma hata mara moja.

Maana yake ni hii. Katika muundo uitwao ATX, ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1995, pawa saplai haizimiki kabisa maadamu umeme wa ukutani upo. Huendelea kutoa volti 5 za kungojea, na hivyo hubaki na ujoto kidogo. Ukibonyeza kitufe, huanza kutoa volti 12, 5 na 3.3, na zikisha kutulia hupeleka ishara kwenye ubao kwamba umeme ni mzuri. Ubao humzuia prosesa asianze mpaka ishara hiyo ifike. Umeme hutulizwa na vikopo vidogo viitwavyo kapasita, ambavyo ndani vina maji ya dawa. Vikizeeka maji hukauka, na kikopo kilichokauka hufanya kazi vibaya zaidi kikiwa baridi. Kila ubonyezapo hupata joto kidogo, mpaka mara ya sita kikaweza. Mafundi walikuja alasiri, chombo kikiwa kimekwisha pata moto.

Ila ya kapasita si ngeni. Tangu mwaka 1999 hivi hadi 2007 kompyuta nyingi duniani ziliharibika kwa kapasita zilizotiwa dawa mbovu. Zilivimba vichwa na kuvuja. Ukifungua sanduku ukaona vichwa vimetuna juu ya ubao, hapo fundi wa pili atakuwa na haki. Vya kwetu vilikuwa bapa.

Tuliazima pawa saplai kwa jirani, tukazima swichi ya ukutani kila usiku makusudi. Ikawaka asubuhi 7 mfululizo. Kwa kuwa awali, swichi ikizimwa, iliwaka siku 2 tu katika 10, kuwaka siku tatu mfululizo kwa bahati tupu kungetokea mara 1 katika 125. Kisha tukarudisha ile ya zamani, na asubuhi yake ikagoma mara nne. Kijana alifurahi kuliko siku ilipowaka.

Nawaonya vijana: kisanduku hicho msikifungue hata kama mmeng'oa waya. Umeme wa volti 230 ukisha kugeuzwa humo ndani hufikia kiasi cha volti 325, na kapasita kubwa huweza kuuhifadhi. Hubadilishwa kizima. Tulitafuta chenye umbo lile lile, plagi ya pini 24 na ile ndogo ya pini 4, na wati zisizopungua za zamani. Dada akalipa shilingi 45,000. Ndugu wa Pemba walikwisha fika, wakasomewa hesabu kutoka katika karatasi.