Miungu na Wafalme Katika Sarafu za Lugha Mbili

Wazee wa Meru na Embu waliolipa kodi ya nyumba kwa fedha kabla ya mwaka 1920 walilipa kwa rupia ya Bara Hindi, maana shilingi ilikuwa haijaja. Upande mmoja wa rupia palikuwa na kichwa cha Mfalme. Upande wa pili thamani yake iliandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za Kiajemi. Mkulima aliyeuza mbuzi ili aipate aghalabu hakusoma hata moja ya lugha hizo. Aliipokea kwa sababu karani wa boma aliipokea.

Huko Bara Hindi watu waliitazama kwa makini zaidi. Mwaka 1911 ilitolewa rupia mpya ya Mfalme George wa Tano, na katika vazi lake palikuwa na tembo mdogo ambaye mkonga wake haukuonekana vema. Watu wakasema ni nguruwe! Waislamu walichukizwa, na serikali ikalazimika kuichora upya. Pambo lisilozidi punje ya hindi liliishinda dola kubwa.

Watawala wa kale walilijua jambo hili. Wafalme wa Kiyunani waliotawala pande za Afghanistan na Pakistan za leo walipiga fedha zenye Kiyunani upande mmoja na lugha ya wenyeji upande wa pili. Baada yao walikuja Wakushani, wageni kutoka Asia ya Kati. Vima Kadphises, mfalme wao wa karne ya 2 baada ya Kristo, aliifuata desturi hiyo katika dhahabu: huku sura yake na maandishi ya Kiyunani, huku Shiva, mungu wa Wahindi, ameshika mkuki wa meno matatu, na fahali nyuma yake. Huvishka, aliyetawala baadaye, alimtia hata Herakles wa Wayunani.

Dhahabu hiyo ilifika Afrika. Mwaka 1940 sarafu zaidi ya 100 za Wakushani zilionekana Debre Damo, Uhabeshi, penye nyumba ya watawa iliyo juu ya jabali lipandwalo kwa kamba. Ufalme wa Aksum ulifanya biashara na Bara Hindi kwa njia ya bandari ya Adulis, palipopakiwa pembe za ndovu. Wafalme wa Aksum nao walipiga sarafu zao, nyingine kwa Kiyunani, nyingine kwa Kigeez. Ezana alipoingia Ukristo katika karne ya 4, aliondoa alama ya mwezi akaweka msalaba. Lakini yale masuke mawili ya nafaka, kushoto na kulia kwa kichwa cha mfalme, hakuyagusa.