Kifaru kilicholala topeni miaka 56, kikatoka bila kutu

Hebu fikiria. Mwaka ni 1944, wewe ni kijana mdogo na unapita kando ya ziwa karibu na kwenu. Chini unaona alama za minyororo ya kifaru cha vita zikielekea majini. Unazunguka uone zinatokea wapi. Wapi! Zimeingia, hazijatoka. Kisha kwa miezi miwili, kila ukipita hapo, unaona mapovu yakipanda kutoka chini.

Ungemwambia nani, na vita bado vinarindima? Mvulana aliyeyaona hayo alikaa nayo miaka na mikaka, hadi alipoyasimulia kwa klabu ya wapenzi wa historia ya vita iitwayo Otsing. Kwa Kiestonia, neno hilo ni "utafutaji." Jina halikukosea.

Ziwa lenyewe ni Kurtna Matasjärv, kaskazini mashariki mwa Estonia, si mbali na mji wa Jõhvi. Na kabla hujauliza: hapa hatuzungumzii yule mnyama wa Ol Pejeta. Hiki ni kifaru cha chuma aina ya T-34, chenye mzinga wa milimita 76 na uzito wa karibu tani 30.

Sasa, shida ya Estonia ni kwamba ilikuwa nyasi pale fahali wawili walipopigana. Wasovieti waliikalia mwaka 1940, Wajerumani wakaichukua 1941, Wasovieti wakarudi 1944 na hawakuondoka hadi nchi ilipopata tena uhuru wake 1991. Vijana wa huko walijikuta katika majeshi yote mawili, wengine bila kuulizwa. Mwaka huo wa 1944, eneo la Narva liliona mapigano makali kuanzia Februari, na katika vilima vya Sinimäed Wajerumani waliteka kifaru hiki kutoka kwa Wasovieti. Wakakichora alama zao, wakakigeuza kipigane na wenyewe. Ndiyo maana kilipatikana kikiwa cha Kisovieti kwa kuzaliwa na cha Kijerumani kwa rangi.

Mnamo Septemba Wajerumani walianza kurudi nyuma. Inaaminika kwamba wanajeshi waliokuwa nacho walikiendesha hadi ziwani wakakizamisha makusudi, adui asikipate tena.

Wapiga mbizi wa Otsing walikikuta mita saba chini ya maji. Hapo si mwisho: juu yake kulikuwa na tabaka la mita tatu la mboji, yaani tope zito la majani na mimea iliyooza kwa miaka mingi. Na tope hilo, aisee, ndilo lililofanya kazi yote.

Chuma hakipati kutu kwa maji peke yake. Kinahitaji maji na oksijeni, vyote viwili. Ndiyo maana baiskeli inayoachwa kwenye mvua huliwa haraka: inalowa, inapigwa na hewa, inalowa tena. Ndani ya mboji, vijidudu vinavyoozesha mimea humaliza oksijeni yote iliyopo, na tope zito haliruhusu nyingine kupenya. Ongeza baridi ya ziwa la kaskazini. Kifaru kilikuwa kama kimefungiwa kwenye mkebe.

Lakini tope linalohifadhi ndilo hilo hilo linalong'ang'ania. Kama umewahi kushuka kusukuma matatu iliyokwama kwenye udongo mweusi, unajua: gari halivutwi tu, linanyonywa chini. Ukivuta, nafasi inayobaki chini ya chuma haina kitu cha kuijaza, na tope hufyonza kuelekea huko. Kwa hiyo unavuta uzito wa kifaru na pia mfyonzo wa tope. Winchi ya kawaida hapo ni mzaha.

Klabu ikaenda kwa wachimbaji wa mawe ya mafuta wa eneo hilo, ikakodi tingatinga aina ya Komatsu lenye uzito wa zaidi ya tani 60. Tarehe 14 Septemba 2000, saa tatu asubuhi, kazi ikaanza. Walivuta, wakasimama kurekebisha, wakavuta tena. Saa tisa alasiri kifaru kilikuwa nchi kavu, kinachuruzika tope jeusi, na ile misalaba ya Kijerumani bado inasomeka ubavuni. Karibu kila kitu kilikuwa katika hali nzuri, isipokuwa injini.

Ndani kulikuwa na makombora 116. Hapa mimi ndipo ninapoacha kushangilia kidogo. Tope lililozuia kutu limehifadhi baruti pia, na baruti haijui kwamba vita viliisha. Sisi hatuhitaji kwenda Estonia kujifunza hilo. Wafugaji wa Samburu na Laikipia waliuawa na wengine kulemazwa na mabomu yaliyosahaulika kwenye viwanja vya mazoezi vya jeshi la Uingereza, hadi mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo ikakubali kulipa fidia. Kwa hiyo msee, ukikuta chuma cha ajabu shambani au mtoni, usikibebe ukakipime kwa muuza skrepu. Kiache, rudi ulikotoka, piga ripoti polisi.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanaopiga picha siku ya kuopoa hulisahau. Dakika chuma kinapotoka topeni, ulinzi wake wa miaka 56 umekwisha. Oksijeni imefika, unyevu bado upo kwenye kila ufa, na kutu inayoanza hapo hukimbia. Sharti kioshwe, kikaushwe, kipakwe mafuta, na hii si kazi ya wikendi moja. Chombo kinachoopolewa halafu kikaachwa kwenye mvua kinaweza kuharibika kwa miaka michache kuliko kilivyoharibika kwa nusu karne ziwani.

Hiki cha Kurtna kilipangiwa kufanyiwa ukarabati na kuwekwa kwenye makumbusho ya historia ya vita huko Gorodenko, ukingo wa kushoto wa Mto Narva. Ukisimama ukingoni hapo, ng'ambo ya maji unaitazama Urusi.