Mzee Huzikwa, Amana Haizikwi

Wahenga wa pwani yetu walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ikiwa yuko mtu wa zama hizi aliyeuthibitisha msemo huo mbele ya macho ya ulimwengu mzima, basi mtu huyo ni mzee wa Kiingereza, Kapteni Tom Moore, aliyefariki dunia tarehe 2 Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 100. Hakuwa mwananchi wetu, wala hakupata kuwa mwanachama wetu. Lakini kazi aliyoifanya katika mwaka wake wa mwisho, pamoja na mambo yaliyokuja kudhihirika baada ya kuzikwa kwake, ina mafunzo makubwa kwa kila mwanachama na kila mfanyakazi anayeshika daftari la michango katika nchi hii, tangu Kendwa mpaka mjini.

Mzee huyu alizaliwa tarehe 30 Aprili 1920 katika mji wa Keighley, Yorkshire. Mwaka 1940, vita kuu ya pili ilipokuwa imepamba moto, aliingia jeshini. Alipelekwa Bara Hindi, na kutoka huko akapelekwa Burma kupigana na Wajapani katika nchi ya Arakan. Vita vilipokwisha akafanya kazi kama watu wengine, akalea watoto, akazeeka. Kwa muda wa miaka sabini na zaidi hakuna gazeti lililojishughulisha naye.

Mwaka 2018 alianguka, akavunjika nyonga. Akatibiwa katika hospitali za umma za nchi yake, na wema wa wauguzi ukamkaa moyoni. Basi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea na wauguzi wale wale wakawa wanataabika usiku na mchana, mzee aliona haya kukaa kitako. Tarehe 6 Aprili alianza kutembea katika uwanja wa nyumba yake kijijini Marston Moretaine, akiegemea kigari cha chuma cha kutembelea. Safari moja ilikuwa ya mita 25. Aliazimia kuikamilisha safari hiyo mara 100 kabla ya kutimiza miaka 100, na akaomba watu wachange pauni 1,000 tu kwa ajili ya mifuko ya hisani ya hospitali hizo.

Nasi tuulizane: mwendo huo wote ulikuwa mrefu kiasi gani? Ulikuwa kilomita mbili na nusu. Mvuvi wa Kendwa huumaliza ufukweni kabla ya jua kupanda, akielekea Nungwi, wala hapati hata mtu wa kumwambia pole. Hivyo basi watu hawakuustaajabia urefu wa njia. Walistaajabu kumwona mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake wote akijipa wajibu mpya, hali miguu yake haimtii. Michango ikamiminika. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walitoa, wengi wao kidogo kidogo. Ilipofika siku yake ya kuzaliwa, zilikuwa zimepatikana pauni zaidi ya milioni 32. Na kwa nyongeza ya kodi iliyorejeshwa na serikali yao, jumla ikakaribia milioni 39. Tarehe 17 Julai 2020 Malkia Elizabeth alimpa cheo cha Sir katika ngome ya Windsor. Miezi saba haikupita akafariki, naye aliugua maradhi yale yale ya korona.

Katika miezi ile wafanyakazi wa Kendwa walikuwa na msiba wao. Pwani ile ya kaskazini ya Unguja, ambayo maji yake hayatoki mbali hata yakipwa, huishi kwa wageni. Mwezi Machi 2020 wageni waliondoka na ndege zikakoma. Kati ya siku zile na tarehe 18 Mei, Tanzania ilipofungua tena anga yake, mpishi, mhudumu wa chumba, nahodha wa mashua na mama muuza samaki walijua maana ya jiko kukaa bila moto. Watu walisaidiana kwa kile kidogo walichokuwa nacho. Kwa hiyo hakuna haja ya kuwahubiria watu wa Kendwa maana ya kuchanga. Jambo linalotupasa kulisema leo ni jingine.

Lakini kwanza tuwatendee haki wazee wetu wenyewe. Hatuwezi kumlilia askari mmoja wa Burma tukawasahau maelfu waliotoka kwetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa na askari kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1944, katika mvua za masika ya kule, askari hao waliwafukuza Wajapani katika Bonde la Kabaw, wakizama katika tope na wakiuguzwa na malaria, hata wakaufikia mto Chindwin na kuuvuka huko Kalewa mwezi Desemba. Wengi hawakurudi. Majina ya wengine wao yamechorwa katika mnara wa kumbukumbu huko Taukkyan, karibu na Rangoon, mahali ambapo mama zao hawakupata kwenda kuwasomea dua.

Waliorudi walipewa nini? Serikali ya kikoloni ilipima kiinua mgongo kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alipata sehemu ndogo ya kile alichopata mzungu wa cheo chake, ingawa risasi ya Mjapani haikuwa na macho ya kuchagua rangi. Mwaka 2018 tu, yaani miaka 73 baada ya vita kwisha, ndipo serikali ya Uingereza ilipotangaza kiasi cha pauni milioni 12 za kuwasaidia askari wa zamani maskini wa makoloni yake, pamoja na wajane wao. Wengi waliostahili kupokea walikuwa wamekwisha kuingia kaburini. Hatusemi haya ili kumpunguzia heshima mzee Moore, kwani si yeye aliyepanga mishahara. Tunasema ili mwananchi ajue kwamba sifa za dunia hazigawiwi kwa kipimo kimoja, na kwamba ni wajibu wetu wenyewe kuwakumbuka wazee wetu wangali hai.

Wako watakaouliza: je, ni sawa hospitali za nchi tajiri zitegemee miguu ya mzee wa miaka 100? Swali hili ni la haki. Waingereza walianzisha matibabu ya umma yasiyotozwa ada mlangoni tarehe 5 Julai 1948. Sisi Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, tulitangaziwa elimu na matibabu bila malipo, kwa kuwa maskini hakupaswa kumpigia tajiri magoti ili mwanawe apone. Msimamo wetu ni huu: dawa na kitanda cha mgonjwa ni haki, na haki hulipwa kwa kodi na kazi ya wananchi wote. Hisani ni nyongeza juu ya haki. Haiwezi kuwa badala yake. Na ndivyo ilivyokuwa fedha ya mzee Moore. Haikwenda kulipa mishahara ya waganga. Ilikwenda katika mifuko ya hisani ya hospitali, ikatumika kwa mambo kama vyumba vya kupumzikia wauguzi, ushauri kwa waliochoka roho, na vyombo vya kumwezesha mgonjwa aliyetengwa kuongea na watu wake.

Sasa tufike kwenye jambo lenye uchungu. Mwaka 2020, mzee angali hai, ulianzishwa mfuko mwingine wa hisani wenye jina lake, ukiendeshwa na watu wa familia yake. Mwezi Juni 2022 Tume ya Uingereza inayosimamia mifuko ya hisani ilianza uchunguzi rasmi, na mwaka uliofuata mfuko huo ukaacha kupokea michango. Tarehe 21 Novemba 2024 Tume ilitoa taarifa yake. Ilisema kwamba watu wawili wa familia walirudia mara kwa mara kutenda kinyume cha wajibu, na hawakutenganisha maslahi yao na maslahi ya mfuko. Umma ulikuwa umeaminishwa kwamba mauzo ya vitabu vya mzee yangeufaa mfuko. Lakini malipo ya awali ya vitabu hivyo, kiasi cha pauni milioni moja na nusu, yaliingia katika kampuni ya familia. Watu hao wawili walipigwa marufuku kusimamia mfuko wowote wa hisani kwa miaka kadhaa. Wenyewe walikana, wakasema wameonewa.

Hapa yatupasa tuwe waangalifu, tusije tukamdhulumu maiti. Zile pauni milioni 39 zilizochangwa kwa ajili ya hospitali hazikuhusika na uchunguzi huo. Zilifika zilikokusudiwa. Mzee hakuiba, na waliochanga hawakupoteza. Hata hivyo, jina lililojengwa kwa hatua za taabu lilitiwa doa, na wako waliojuta hata kile kidogo walichokitoa.

Waislamu wetu hufundishwa tangu chuoni kwamba mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Sadaka aliyoacha mzee Moore iliendelea, na elimu ya mfano wake ilinufaisha. Mwezi wa Ramadhani ya mwaka 2020 huo huo, mzee mwingine wa miaka 100, Dabirul Islam Choudhury, mzaliwa wa upande wa Bangladesh, alifuata mfano wake. Alitembea katika bustani huko Uingereza hali amefunga, akachangisha zaidi ya pauni 400,000 kwa ajili ya waliopatwa na shida ya korona. Lakini lile jambo la tatu, la walioachiwa jina, ndilo lenye kuhitaji ulinzi wa watu wote. Wema wa moyo wa mwanzilishi haurithiwi kama shamba la minazi. Hulindwa kwa taratibu.

Chama chetu kinalijua jambo hili tangu utoto wake. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kumpeleka Mwalimu Nyerere New York kuisemea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, hapakuwa na hazina ya kuchota. Wanachama walichangishana, wengi wao watu wa kipato kidogo. Waliotoa walikuwa na haki ya kujua fedha yao imefika wapi, nao walijua siku ile Mwalimu aliposimama kusema, tarehe 7 Machi. Mchango mdogo wa maskini ni mzito kuliko zawadi ya tajiri, maana tajiri hutoa kilichobaki, na maskini hutoa kilichokuwa kiliwe usiku ule.

Basi tunawaambia ndugu zetu wa matawi na mashina, wa vyama vya wafanyakazi na wa kamati za vijiji: kila mchango uwe na daftari, na kila daftari liwe na macho zaidi ya mawili. Aandikaye asiwe ndiye atunzaye fedha. Fedha ya darasa isichanganywe na fedha ya harusi, wala mfuko wa kijiji usichanganywe na mfuko wa kanzu. Hesabu isomwe hadharani, mbele ya waliochanga, wakiwamo akina mama walioleta shilingi zao katika ncha ya kanga. Wageni wa hoteli wakitoa msaada kwa ajili ya skuli au kituo cha afya, watoto wa kijiji wajue kilichotolewa sawasawa na anavyojua meneja. Na mtu asiseme kwamba kuuliza hesabu ni kumvunjia heshima kiongozi. Mwaminifu haogopi kuulizwa. Swali ndilo linalomtenga na mwizi.

Wapo watakaosema kuwa si adabu kutaja aibu katika matanga. Sisi twaona kinyume. Machozi ya siku moja ni rahisi, na huyatoa hata mtu asiyechanga. Heshima ya kweli kwa mzee aliyechangisha ni kuhakikisha kwamba kila senti iliyopita katika jina lake, naye akiwa hai au amekufa, imefika kwa mgonjwa aliyekusudiwa.

Kapteni Tom Moore amekwisha pumzika, na askari wetu wa Bonde la Kabaw wamepumzika pamoja naye katika ardhi iliyo sawa kwa wote. Mwenyezi Mungu awape raha waliokwenda kwa wema. Waliobaki wafungue madaftari.