Kasha la Kanda: Wanaoimba Humo ni Akina Nani?



Karibu kila nyumba ya Waswahili walio ugenini ina kasha la nyimbo. Labda liko chini ya kitanda, labda juu ya kabati, labda limekwisha kuhamia ndani ya simu ya baba. Humo mna kanda za zamani, santuri moja mbili na sidii zilizochubuka. Nyimbo hizo umezisikia tangu u mdogo, garini na jikoni siku ya pilau. Lakini ukiulizwa, "Anayeimba ni nani?" huenda ukajibu, "Hizo ni nyimbo za mama." Wiki hii tulifungue kasha, tuwatafute wenyewe.

Anza na jina, maana jina la msanii lina habari zake. Chukua Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Siku hizo utumwa ulikuwa bado upo Zanzibar. Alikuwa akiuza vyungu, kisha akahamia mjini, na sauti yake ikamfungulia milango. Watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Taarab ya jumba la sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, ikafika kwa watu wa kawaida. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanafaa kitabu, akaandika wasifu wake. Basi ukisikia taarab harusini, kumbuka yule muuza vyungu.

Sasa tazama majina ya bendi. Tuseme umekuta kanda tatu: moja ya NUTA Jazz, ya pili ya JUWATA Jazz, ya tatu ya OTTU Jazz. Utadhani ni bendi tatu. La, ni bendi moja! Ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na mwenye bendi alikuwa chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili. Leo inaitwa Msondo Ngoma, kwa jina la mtindo wake wa kucheza. Zamani bendi nyingi za Tanzania zilikuwa za vyama, mashirika au majeshi. Wanamuziki walilipwa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri.

Ndiyo maana inafaa umtafute pia mwimbaji mwenyewe, si bendi peke yake. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, wenye mtindo wa Sikinde. Baadaye akarudi kwa wale wa mwanzo. Mashabiki wa Msondo na wa Sikinde walikuwa watani wa jadi kama wa Simba na Yanga. Muulize baba alikuwa upande gani, kisha ukae vizuri, maana jibu halitakuwa fupi.

Mwisho, uliza msanii alitoka wapi. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akapata umaarufu na bendi ya Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya maskini, kifo na shida za kila siku. Watu wa Dar walimpenda hata kituo cha basi karibu na nyumbani kwake kikaitwa Sinza kwa Remmy. Yeye naye alikuwa mgeni katika mji ule, kama wazazi wako walivyokuja huku wakiwa wageni.

Nina sababu ya kukuhimiza. Nyumbani kwangu ipo kanda ambayo marehemu baba aliirekodi kutoka redioni. Juu yake ameandika kwa kalamu maneno mawili tu: "Nzuri sana." Mwanamke anaimba, na udi unalia nyuma yake. Baba hakuandika jina kwa sababu alilijua. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza, nami sikumuuliza. Nimewasikilizisha watu wengi kanda hiyo, na hadi leo sijapata anayemtambua mama yule. Simu haiwezi kunisaidia, kwa kuwa wimbo wenyewe haumo humo.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii ni hii. Chagua wasanii watatu kutoka kasha la kwenu. Kaa na mzazi, bibi au babu. Kama yuko mbali, mpigie simu. Mwamkie kwanza, kisha umsikilizishe wimbo na kumuuliza:

1. Huyu ni nani, na alitokea wapi?
2. Bendi au kikundi chake kilikuwa cha nani?
3. Wimbo unasema nini? Neno gani humo silijui?
4. Uliusikia wapi mara ya kwanza, na ulikuwa na nani?

Andika majibu kwenye karatasi, uikunje na kuitia ndani ya jalada la kanda. Kama nyimbo zimo simuni, ziandikie daftari. Wazazi, tunawaomba msilijibu swali la nne kwa haraka. Na kama kanda zenu bado zinalia, zinakilini kwenye kompyuta mapema, kwa sababu utepe hunata na kuota ukungu.

Jumamosi ijayo kila mwanafunzi alete wimbo mmoja na jina la mwenye wimbo. Mimi nitaleta kanda ya baba. Huenda bibi wa mmoja wenu akaitambua sauti ile.