Al Mankhool: Anajifunza kuisimamisha mashine kabla haijafika kwenye kidole

Lifti ya jengo letu hapa Al Mankhool ina tabia moja inayowaudhi wapangaji: mlango usipofunga sawasawa, haiendi. Ijumaa iliyopita, baada ya Isha, tulikuwa ndani yake watu watatu, mimi, kaka yangu na mwanawe, mikono imejaa mifuko ya sokoni. Mlango ukafunga, ukafunguka. Ukafunga tena, ukafunguka tena. Kaka akaguna: "Lifti gani hii, bwana!"

Mwanawe akacheka. "Baba, hii ndo lifti nzima. Ingekuwa mbovu ingeondoka na mlango wazi."

Kijana huyu ana miaka 24. Mchana ni fundi umeme kwenye karakana moja upande wa Jebel Ali. Usiku meza yetu ya kulia inakuwa yake: michoro ya nyaya, kikokotoo, na gilasi ya chai inayopoa bila kunywewa. Kwa miezi minne sasa anasomea jambo ambalo sisi wazee hatukujua hata kama lina skuli yake: kubuni mfumo unaoiamuru mashine ya kiwandani iende au isimame, kwa namna ambayo hata kitu kikiharibika, mtu asiumie.

Nimeamua kuliandika kwa sababu nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Dubai na Sharjah hadi Maskati na Sohar, zina kijana anayefanya kazi karibu na mashine. Na nyumba nyengine, kama yetu, zina mtu aliyewahi kuumizwa nayo.

Waya ukikatika, mashine isimame

Somo la kwanza alinifundisha kwa swali. "Ami, kile kitufe chekundu cha dharura, chenye kitako cha manjano. Ukikibonyeza, kinapeleka umeme au kinakata?"

Nikasema kinapeleka. Nilikosea. Umeme mdogo unapita kwenye kitufe kile muda wote mashine inapofanya kazi. Ukikibonyeza, unaukata, na mashine inasimama. Kwa nini hivyo? Kwa sababu siku panya akitafuna ule waya, au skrubu ikilegea, umeme utakatika wenyewe na mashine itasimama yenyewe. Ingekuwa kinyume chake, waya ungekatika kimya kimya, na ungekuja kujua siku unabonyeza na hakuna kinachotokea.

Fikra hii si ya leo. Mwaka 1854, mjini New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa halikuanguka. Kamba ilikuwa ndiyo inayoibana springi. Ilipokatwa, springi ikafyatuka na kung'ata meno yaliyokuwa pembeni mwa reli. Yaani kukatika kwenyewe ndiko kulikoleta breki. Wenye asili ya Unguja watakumbuka Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, linalosifika kuwa miongoni mwa majumba ya mwanzo Afrika Mashariki kuwa na lifti. Tangu enzi hizo hesabu ni ile ile: usiulize kama kitu kitaharibika, uliza kikiharibika kitaangukia upande gani.

Jambo jengine kuhusu kitufe hicho: ukikirudisha juu, mashine haitakiwi kuwaka. Kurudisha kitufe ni ruhusa tu. Kuwasha kunataka amri nyengine, ya mtu aliyekwishatazama kama kuna mwenziwe ndani.

Hatari hupimwa kwa maswali matatu

Si kila mashine inahitaji ulinzi wa daraja moja. Kiwango cha kimataifa ISO 13849-1 kinamtaka mbunifu ajiulize maswali matatu. Mtu akiumia, ataumia kidogo na kupona, au atakatika kiungo ama kufa? Anakaribia hatari mara kwa mara au kwa nadra? Na hatari ikianza, ana nafasi ya kuikwepa? Majibu yake ndiyo yanayotoa daraja la ulinzi, kuanzia a hadi e.

Daraja d, kwa mfano, linataka uwezekano wa mfumo wa ulinzi kufeli kwa njia ya hatari uwe chini ya mara moja katika saa milioni moja za kazi. Saa milioni moja ni zaidi ya miaka 114. Kwa swichi moja na waya mmoja ni shida kufika huko. Kwa hiyo njia huwa mbili: swichi mbili kwenye kifuniko kimoja, na kontakta mbili zinazokata umeme wa mota. Kontakta moja ikiganda kwa moto wa cheche, ya pili bado inakata. Kisha mfumo unazikagua zote mbili, na ukiona moja haikufunguka, unakataa kuwasha tena. Bila ukaguzi huo, ya kwanza itakufa bila taarifa na utabaki na moja, huku ukidhani unazo mbili.

Hesabu nyengine ilimtoa jasho. Alichora mashine ya kukata maboksi, akaweka pazia la miale ya mwanga sentimita 20 kutoka kwenye kisu: mkono ukipita, kisu kinasimama. Mchoro ulimpendeza. Mwalimu wake akamuuliza kisu kinachukua muda gani kusimama. Moja ya tano ya sekunde. Sasa, mkono wa mtu huhesabiwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Katika moja ya tano ya sekunde unakwenda sentimita 40. Pazia lake lingeona kila kitu na lisingeokoa chochote. Ilibidi alisogeze nyuma mara mbili ya alivyoliweka, na zaidi kidogo kulingana na nafasi iliyopo baina ya miale.

Vidole viwili vya kaka

Kaka yangu hana vidole viwili vya mkono wa kulia. Vilikwenda kabla mwanawe hajazaliwa, katika kiwanda kimoja cha mikate huku huku Ghuba. Ilikuwa mashine ya kusukuma donge, rola mbili za chuma zinazozunguka kuelekeana. Alikuwa akizifuta kwa kitambaa huku zinazunguka. Kitambaa kikavutwa, mkono ukafuata. Ofisi iliandika kuwa ni uzembe wake, na miaka yote hii yeye mwenyewe akituambia hivyo hivyo: "Haraka yangu ndiyo iliyoniponza."

Wiki mbili nyuma, mezani, mwanawe akamuuliza. "Baba, ile mashine ilikuwa na kifuniko?"

"Ilikuwa nacho. Na swichi yake. Ukifunua, inazima."

"Sasa ilikuwaje ikazunguka?"

"Swichi ilikuwa imeungwa waya. Tuliikuta hivyo."

"Na isingeungwa, mngezisafisha vipi zile rola?"

Kaka akanyamaza. Kisha akaeleza. Ungefuta upande mmoja, ufunge, uwashe, rola zigeuke kidogo, uzime, ufunue, ufute tena. Mara ishirini kila usiku, na mikate ya alfajiri inasubiriwa.

"Basi kosa lilianza siku mashine ile ilipochorwa," kijana akasema.

"Lakini mie nilijua iko hatari, mwanangu."

"Ulijua, baba. Na aliyechora naye alitakiwa ajue kuwa mtu wa saa nane usiku, mwenye oda ya asubuhi, ataunga waya."

Sikuwahi kumuona kaka akiutazama mkono wake vile.

Haya hayakumtokea yeye peke yake. Mwaka 1981, katika kiwanda kimoja mjini Akashi, Japani, fundi alikwenda kulitazama roboti lililokuwa na hitilafu. Uzio ulikuwapo, na kuufungua mlango wake kungekata umeme. Aliuruka. Roboti likawaka yeye akiwa ndani, na likamuua. Ulinzi ulikuwapo, lakini njia ya mkato ilikuwa nyepesi kuliko njia ya salama.

Ndiyo maana, kabla ya kufika kwenye swichi na nyaya, wanafunzi wa fani hii husomeshwa ISO 12100, inayopanga hatua kwa utaratibu. Kwanza iondoe hatari kwenye umbo la mashine yenyewe. Ukishindwa, weka kifuniko na mfumo wa kuzima. Kilichobaki ndicho cha kumuonya mtu kwa maandishi na mafunzo. Stika ya "Hatari" ni hatua ya mwisho, ingawa viwanda vingi huanzia hapo.

Kwa familia zenye kijana wa fani hii

Msingi ni umeme, elektroniki au mekatroniki. Wapo wanaoupata kwenye Vyuo vya Juu vya Teknolojia vya hapa Imarati, wengine Oman, wengine Taasisi ya Karume kule Mbweni, Unguja. Kozi ya usalama wa mashine huja juu ya msingi huo. Bila kuijua mota na rilei, mtoto atakariri herufi tu. Kabla ya kulipa ada, uliza nani anatunga mtihani, anatambuliwa wapi, na kama mwanafunzi atashika nyaya kwa mikono yake. Programu ya kukokotoa daraja la ulinzi iitwayo SISTEMA hutolewa bure na taasisi ya Ujerumani iitwayo IFA, kwa hiyo mtu asikuuzie.

Na kwa aliyeko kazini leo: ukikuta swichi ya kifuniko imeungwa waya, usinyamaze, na usiikate kimya kimya ukaondoka, maana mwenzako wa zamu nyengine hatajua mashine imebadilika. Mwambie msimamizi, kwa maandishi. Kabla ya kutia mkono, kata umeme mkubwa, tia kufuli lako mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Sheria ya Kazi ya hapa, Nambari 33 ya mwaka 2021, inamtaka mwajiri aweke mazingira salama ya kazi. Si hisani.

Kazi ya mwisho ya kozi yake, kijana alichagua mwenyewe: mashine ya kusukuma donge. Swichi ya kifuniko aliyoichora inatambua sumaku yake tu, kama kufuli na ufunguo wake, kwa hiyo sumaku ya dukani haitaidanganya. Na kwa usafi ameweka hali ya pekee: kifuniko wazi, rola zinakwenda polepole, upande wa kutoa na si wa kuvuta, na kwa muda ule tu mtu anaposhikilia kitufe. Akikiachia, zinasimama. Hakuna tena sababu ya kuunga waya.

Juzi usiku baba yake aliuvuta mchoro, akavaa miwani. Akauangalia kwa muda mrefu.

"Hiki kitufe nikikishika kwa mkono huu," akasema, akiuinua wa kushoto, "na kitambaa nimekishika kwa huu?" Akaweka ule wenye vidole vitatu juu ya karatasi, mahali rola zilipochorwa.

Kijana hakujibu. Akachukua raba, akafuta kitufe, akaomba tepu ya kupimia. Walikaa hadi saa saba ya usiku, wakipima urefu wa mkono wa kaka.