Kupima Propani kwa Mizani

Hapa Kasongo nani anatafuta joto? Sisi twatafuta baridi. Lakini pampu ya joto na frigo ni mashine ileile: kompresa huchota joto upande huu, ikalimwaga upande wa pili. Yangu nimeiunda kwa kompresa ya frigo kuukuu, na ndani nimetia propani, R290.

Ugumu uko kwenye kipimo. Propani ikiwa majimaji, uzito wake kwa ujazo uleule haufiki nusu ya ule wa R22, gesi ya frigo tuliyoizoea, kwa hiyo chupa naiweka juu ya mizani na kutia kidogo kidogo. Kisha nasoma manometa. Ikionyesha bari 2.4, propani inachemka kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Nafunga kipimajoto kwenye bomba linalorudi kompresa. Kikisoma nyuzi 4 chini ya sifuri, tofauti ni 6, safi kabisa. Tofauti ikizidi sana, gesi ni haba au kibomba chembamba cha shaba kinachopitisha propani kwenda upande wa baridi ni kirefu mno. Barafu ikitambaa hadi kompresa, nimezidisha gesi.

Gesi ya kupikia siitumii: mara nyingi ina butani, na hapo manometa hudanganya. Kutia gesi nafanyia uani, mbali na mbabula, kwani propani ikivuja hutuama chini.