Nazi za Kongowea na Herufi n

Paukwa! Pakawa! Sogeeni karibu, wanangu.

Palikuwa na mama mpika mbaazi, mkaazi wa Kisauni. Alfajiri hufika sokoni Kongowea kununua nazi. Nazi moja shilingi 40, na hamali wa mkokoteni humlipa 150, mzigo uwe mkubwa uwe mdogo. Idadi ya nazi haikuwa ile ile kila siku, basi bintiye akaiita n, na gharama yote akaiita J:

J = 40n + 150

"Leo tutanunua thalathini, mwanangu," mama akasema.

Binti akafuta n, akatia 30 mahali pake: 4030. Akajumlisha 150, akapata 4,180.

"Ala! Nazi thalathini tu, zaidi ya elfu nne?"

Tazameni vizuri hapo, maana ndipo wengi wanapokwama. Kati ya 40 na n pana alama ya kuzidisha isiyoandikwa. Herufi ikitoka namba ikaingia, alama ile sharti ionekane, la sivyo tarakimu zitashikana. Tumieni mabano: 40(30) + 150. Zidisha kwanza, upate 1,200. Ongeza 150, ni 1,350. Ukitanguliza kujumlisha 30 na 150, kisha uzidishe kwa 40, utapata 7,200, na hamali atakuwa amelipwa mara arubaini kwa safari moja!

Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika kitabu cha aljebra bila x wala n. Kila mlinganyo aliueleza kwa maneno matupu. Mwaka 1591 Mfaransa François Viète ndiye aliyeonyesha jinsi ya kutumia herufi kwa namba zijulikanazo na zisizojulikana. Nawaonea fahari nyinyi, mnaoandika kwa mstari mmoja jambo lililomchukua Al-Khwarizmi sentensi nzima.

Turudi sokoni. Basi nazi zikaadimika, bei ikapanda. Binti akaiita bei b:

J = bn + 150

Bei ni 45, na mkobani mna 1,950. Zitapatikana nazi ngapi?

"Arubaini, Mama."

"Una hakika?"

Binti akatia 45 mahali pa b, na 40 mahali pa n: 45(40) + 150. Ni 1,800 na 150, jumla 1,950.

Mama akafungua mkoba, akamwita hamali.